Ramani ya Fundi Cherehani

Mjini, Jumatatu, 3 Machi

Wifi yangu,

Kabla hujauliza: wazima wote, hata huyo kaka yako ambaye tangu Alhamisi yuko kwenye treni yake na harudi mpaka keshokutwa. Humu dukani nipo mimi, cherehani, na sare sabini za shule zinazonikodolea macho. Nakuandikia nimesimama. Dereva wa lori la maziwa, anayekuletea barua hii, ameshapiga honi mara mbili, nami nimemwambia atulie, maziwa hayajaganda.

Haya, neno lenyewe ni hili. Tumeamua, nyumba ya shamba tunaitengeneza. Miaka mingapi tumesema mwakani, mwakani, huku bati linavuja na wewe unahamisha ndoo kutoka kona hii kwenda kona ile? Tunataka tuwe tunakuja kila Ijumaa jioni, tulale, tupumue, turudi mjini Jumapili. Kaka yako uzee unamnyemelea, anataka mahali pa kuvulia viatu. Na watoto kutwa ni shangazi, shangazi, kana kwamba huku mjini hawana ndugu.

Tunaitengeneza na kuiongeza. Vyumba vipana, jiko la ndani lenye bomba, baraza refu mbele. Ramani nimeichora mwenyewe, na usicheke! Mtu anayeweza kumkatia koti bwana mwenye tumbo kama pipa, likamkaa, atashindwa na nyumba yenye kuta zilizonyooka? Imo humu kwenye bahasha. Mpe yule fundi mwashi uliyesema alijenga shule ya huko, aanze kabla mvua hazijatuwahi.

Chumba chako usikiwazie kabisa. Hicho nimeshakipangia. Sisemi zaidi, nitaharibu utamu.

Wifi yako,
fundi cherehani


Shambani, Alhamisi, 6 Machi

Wifi,

Kumbe mna akili, mlikuwa mnaificha tu! Nilipofika pale pa "tumeamua" nilipiga kelele hadi jogoo akakimbia. Dereva akadhani nimeletewa msiba. Nimemwambia hapana baba, ni nyumba, inarudi ujana.

Sasa nikueleze ilivyo, maana mara ya mwisho mlikuja mkakaa saa mbili mkakimbilia gari. Upande wa kushoto, vyumba vyenu viwili na jiko, mchwa wamekula mlango wa nyuma, umebaki rangi tu. Sebule ya katikati ni nzima, sakafu imepasuka kidogo pale mlipoangusha kabati. Upande wa kulia ni kwangu, chumba cha mwisho na kile kidogo cha kuwekea asali. Chumba changu hakivuji. Nilikipaka chokaa mwenyewe mwaka jana, na dirishani naiona mizinga yote kumi na moja bila kuinua kichwa kwenye mto. Nyuki wakitaka kuhama, mimi ndiye wa kwanza kujua.

Ramani sijui kuisoma. Nimeigeuza juu chini, naona mistari tu. Nimempa fundi. Huku tunamwita Fundi Kesho, na ukimwuliza kwa nini, atakueleza kesho. Ila mkono wake ni safi na ukuta wake hauna shaka.

Hicho ulichonipangia nitakisubiri, lakini ujue mimi si mtu wa kusubiri.

Wifi yako wa shamba


Shambani, Jumatatu, 10 Machi

Wifi,

Salamu.

Fundi ameisoma ramani. Amepima kwa kamba, amepiga hatua, amesema kila kitu kinaeleweka. Amenionyesha na ule mstari wako wa nukta nukta. Nimeuona. Nimeelewa.

Kazi inaanza kesho, na safari hii kesho ya kweli. Nyumba ni yenu, mipango ni yenu, mimi sina neno.

Nina swali moja tu. Vitu vya chumba cha mwisho nivipeleke wapi?

Kuku wazima.

Mimi,
wa shamba


Mjini, Alhamisi, 13 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Barua yako fupi kama sketi za siku hizi! Najua, umeshikwa na kazi, mafundi wanataka chai, wanataka maji, wanataka kila kitu isipokuwa kufanya kazi.

Umenifurahisha sana ulivyouelewa ule mstari wa nukta nukta. Watu wasioshona hunisumbua nao mpaka nachoka. Nilimwambia kaka yako, unaona, dada yako ana kichwa, hakuhitaji hata kuelezwa. Akacheka tu, akavaa kofia yake, akaenda stesheni. Ramani yenyewe hajaiona. Aliniambia mambo ya kupima niachiwe mimi.

Vitu vyako viweke ghalani kwa muda, vumbi lisivimalize. Vikubwa fundi akusaidie kubeba. Na usiwe na huruma na ule upande wako, wifi! Kilichochakaa kiondoke. Mambo mapya yanakuja.

Nimeanza kushona mapazia. Sisemi ya rangi gani.

Wifi yako,
fundi cherehani


Shambani, Jumatatu, 17 Machi

Wifi,

Nilisema nitanyamaza. Nimeshindwa.

Chumba changu kilianguka Jumamosi saa nne asubuhi. Waliondoa bati kwanza, halafu ukuta wa upande wa mizinga, halafu ule wa kichwani. Chumba cha asali kikafuata. Fundi alikuja kuniuliza mara mbili, "Dada, una hakika?" Nikamwambia soma ramani yako. Akaisoma tena, akasema ramani ni ramani. Kwa waashi mstari wa nukta nukta ni ukuta wa kubomolewa, na ng'ambo ya huo mstari wako hakuna kitu, karatasi nyeupe. Nyumba yenu inaishia sebuleni. Vyumba vyenu vipo, jiko lipo na bomba lake, baraza lipo. Kwangu hapapo.

Nimeumia, wifi. Nasema wazi ili usije ukasema hukujua. Baba aliugua miaka minne humo ndani, nani alimgeuza? Mama alifia mikononi mwa nani? Sikatai, nyumba aliachiwa kaka, na kaka ana mke, na mke ana haki ya kutaka nyumba yake iwe nzuri. Lakini ungeniambia kwa mdomo. Ungesema, "Wifi, tunataka nafasi." Mimi ni mtu mzima, ningefunga mzigo wangu kwa heshima. Badala yake unaniandikia niweke vitu ghalani na unanitajia mapazia! Wazee walisema akufukuzaye hakwambii toka. Niliisikia tangu utotoni, sikujua kama wataniimbia mimi.

Sasa nalala ghalani na kuku. Wanajitahidi kunipokea, lakini na wao wana kwao.

Mjane wa mwalimu, kule ng'ambo ya daraja, ana chumba kitupu na upweke mwingi. Amenikaribisha. Alhamisi lori likipita nitapanda na mzigo wangu. Mizinga nitaifuata baadaye, nyuki hawahamishwi kwa hasira.

Kaka msalimie. Mwambie simlaumu. Yeye tangu zamani hasemi.

Aliyekuwa wa shamba


Mjini, Alhamisi, 20 Machi

Wifi, usipande lori!

UKUTA GANI? Mungu wangu, ukuta gani? Nimeisoma barua yako Jumatatu jioni nimeshika mkasi, mteja amesimama mbele yangu na mkono mmoja wa shati, nikaanza kulia. Yule mama akaondoka na mkono wake mmoja.

Sikukufuta. Nakuapia kwa uhai wa watoto. Umo kwenye ile ramani, umo nusu nzima! Ni ujinga wangu wa kazi, nimechora kama ninavyochora nguo, na kwa sisi washonaji ule mstari maana yake ni nyingine kabisa.

Kaka yako ameomba ruhusa kazini, mara ya kwanza tangu nimjue. Anakuja na lori hilihili, na barua hii anayo mkononi. Kwenye mfuko wa koti ana mkasi wangu mkubwa, ule ambao hata watoto hawaruhusiwi kuugusa. Mwache akuonyeshe. Mimi kwenye karatasi siaminiki tena.

Nisamehe. Na kama hunisamehe, usipande lori vilevile.

Wifi yako


Shambani, Jumapili, 23 Machi

Mke wangu,

Nimefika salama. Unajua mimi barua si kazi yangu, nitaandika kilichotokea kwa mpangilio.

Lori lilisimama kwenye njia panda ya shamba saa tano na dakika kumi. Dada alikuwa amekaa juu ya sanduku kando ya barabara, kajifunga mtandio, na kuku watatu kwenye tenga. Mimi nashuka, yeye anapanda. Nikamshika mkono. Akasema, "Niache, dereva ana ratiba." Nikamwambia mimi ni dereva miaka thelathini, ratiba inasubiri. Dereva wa lori akazima injini, akashuka kuchungulia magurudumu ambayo hayakuwa na kasoro yoyote.

Barua yako aliisoma palepale. Akaikunja. Akasema, "Maneno." Basi.

Nikabeba sanduku, nikaanza kwenda nyumbani. Nilijua atafuata sanduku lake. Alifuata, lakini mbali, na matusi ya hapa na pale. Utotoni tulimwita Jenerali, na Jenerali ni Jenerali.

Nyumba ilinitoa machozi. Upande wa kulia ni kifusi. Fundi alikuwa anachanganya udongo, akanisalimia kwa furaha, akaniuliza kama napenda kazi. Nikamwomba ramani. Nikaitazama nikaona mara moja ulichofanya. Miaka ishirini na sita nakuona unakunja kitambaa mara mbili, unaweka karatasi ya nusu gauni, ule mstari wa nukta unaulaza kwenye mkunjo, unakata. Sijawahi kukuona unachora gauni zima. Nikajisemea, na nyumba kaichora nusu.

Nikachukua mfuko wa saruji mtupu, nikaukung'uta, nikaukunja katikati. Nikalaza ramani juu yake, nukta nukta kwenye mkunjo, nikakata kwa mkasi wako. Nisamehe, umeingia saruji. Nikakata kuta, milango, madirisha, baraza. Dada amesimama mlangoni, mikono kiunoni, kama vile namwibia. Fundi naye akaja, na wasaidizi wake wawili.

Nikaufungua ule mfuko.

Nyumba ilikuwa nzima. Sebule katikati, upande wa kushoto vyumba viwili na jiko, upande wa kulia vyumba viwili na jiko. Na mlango wake wa nje, na baraza lake. Upande wake sawasawa na wetu, hata unyoya haukuzidi.

Fundi akasema, "Sasa mimi nimebomoa nini?" Akakaa chini kwenye udongo wake.

Dada alipapasa ile karatasi kwa kidole, chumba kimoja kimoja. Akaniuliza, "Hiki ni cha nani?" Nikasema chako. "Na hiki?" Chako, cha asali. "Na jiko hili?" Lako, upike bila kuingiliwa na mtu. Nilidhani atafurahi. Akanigeukia na macho mekundu. Akasema, "Na kwa nini hakuna hata mmoja wenu aliyeandika jina langu?"

Nikamwambia ukweli, kwamba hilo si kosa la fundi cherehani, ni langu. Baba aliponiachia nyumba hii sikuwahi hata siku moja kumwambia kwamba ni yake pia. Nilidhani anajua.

Akasema, "Kwa kudhani kwenu, mimi nimelala na kuku."

Nikacheka, ikanitoka tu. Naye akacheka, halafu akalia, halafu akanipiga begani kwa ule mtandio mpaka alipochoka. Kabla ya siku hiyo tulikuwa hatujagusana tangu mazishi ya mama.

Kwa sasa analala chumba chetu cha mbele. Mimi nalala sebuleni. Kuku wamerudishiwa ghala lao. Fundi alikuja kesho yake kabla jua halijachomoza, anabeba mawe ya kifusi moja moja anayapanga, hataki malipo ya ukuta huo na hataki kuambiwa pole. Mvua ziko karibu. Nimeomba wiki mbili zaidi kazini.

Hajasema amekusamehe. Lakini jana aliniuliza mapazia ni ya rangi gani.

Mume wako


Mjini, Alhamisi, 27 Machi

Wifi yangu,

Hii ramani ya pili siichori mimi. Mkono umekufa ganzi. Nimekuwekea karatasi nyeupe na penseli, chora mwenyewe, nzima, pande zote mbili, na andika majina kila mahali mpaka kwenye choo.

Nataka kukwambia jambo ambalo sijawahi kulisema. Ninakuogopa. Tangu siku ya harusi yangu, ulipoligeuza gauni langu ndani nje mbele ya mama yako, ukakagua mshono, ukasema "si mbaya." Nilikuwa nimelishona mwenyewe wiki tatu! Tangu hapo kila nikitaka kukufanyia jema nalifanya kwa kificho, ili likiharibika usijue. Ningekuwa mtu wa maana ningekuja huko, nikakaa nawe, nikakuuliza, "Wifi, wewe unataka kuishije humu?" Sikukuuliza. Nikakushonea furaha chini ya meza, ikakuangukia kichwani.

Na ukweli mwingine ni kwamba tunataka kuja kila wiki kwa sababu yako. Mandhari nzuri ziko hata karibu hapa. Mimi dada sina, nilizaliwa peke yangu. Nilidhani nikikujengea jiko zuri, siku moja utaniambia niketi.

Maji yamemwagika, najua. Chumba ulichokipaka chokaa kwa mkono wako siwezi kukirudisha. Sema unachotaka nami nitakifanya, hata ukisema nisije.

Wifi yako,
fundi cherehani

Mapazia ni ya kijani. Yakikukera nitayafumua.


Shambani, Jumatatu, 2 Juni

Wifi,

Penseli yako imeisha. Nimetumia na mkaa.

Najua nimekuweka roho juu miezi miwili, salamu zangu ukizipata kwa kaka tu. Nilikuwa na hasira, halafu nilikuwa na kazi, halafu nikawa na aibu kwa kukaa kimya, na aibu ni mvivu wa kuandika. Sasa yameisha yote matatu.

Nyumba imesimama. Bati liliwekwa siku mbili kabla ya mvua kubwa, na nilikesha macho juu nikitafuta tone. Halikuja. Jiko lenu lina bomba na bomba lina maji, ingawa linakohoa kwanza. Mlango wa nyuma ni mpya, mchwa wajaribu. Sebule tumeipanua upande wa mbele. Upande wa kulia nimeuchora mwenyewe, na haufanani na wenu. Chumba changu ni kikubwa kuliko chako, nakuambia mapema usije ukapima kwa futi yako. Dirisha linatazama mizinga, limeshuka chini, kwa sababu mifupa hii inazeeka na kuna siku sitaweza kuinuka kuwatazama nyuki wangu. Jiko la pili nimelikataa. Watu wawili, majiko mawili, ya nini? Tutapikia moja. Utaketi, na mimi nitaketi, na tutagombana kwa chumvi kama watu wa nyumba moja.

Kuhusu gauni lile la harusi. Wifi, mshono ulikuwa mzuri kuliko wowote niliowahi kuuona. Niliona wivu. Kaka yangu alikuwa anaondoka na mtu anayejua kushona hivyo, na mimi nabaki na ng'ombe. Ndiyo maana nikasema si mbaya. Miaka ishirini na sita umeibeba kauli hiyo, nami sikujua kama niliitupa. Nisamehe na mimi.

Mapazia yamefika, nimeyatundika. Kijani kinafaa.

Fundi amemaliza Jumamosi, kaka naye alikuwa amekuja. Alisimama barazani na funguo mkononi, akamwuliza kaka, "Namkabidhi nani?" Kaka, unamjua, akavua kofia kwanza, akaikung'uta, mpaka nikataka kumkanyaga. Kisha akasema, "Mpe mwenye nyumba," akaninyooshea kidole mimi. Fundi akanipa. Nikaingia ndani nikafunga mlango, nikakaa kitini, nikalia kwa raha zangu, wao wamesimama nje.

Basi njooni Ijumaa hii, wewe, kaka na watoto. Mkifika mtakuta mlango umefungwa. Msidhani ni ubaya, na msiuzunguke kwenda wa nyuma. Nimezaliwa katika nyumba ya baba, nimezeeka katika nyumba ya kaka, sijawahi katika maisha yangu kuitikia hodi kwenye mlango wangu mwenyewe. Kwa hiyo pigeni hodi, kwa sauti, nisikie vizuri. Nitawachelewesha kidogo pale mlangoni, mnivumilie. Kisha nitawaambia karibuni.

Wifi yako,
mwenye nyumba